Betri ya kuwashia haiguswi

Boti za faiba zinazotoka usiku kuvua pwani yetu siku hizi zimebeba umeme mwingi: taa za LED za kuvutia dagaa, kitafuta samaki, GPS, redio ya VHF, pampu ya ngama, na juu ya hayo simu za mabaharia wote zinazochajiwa hapo hapo. Vyote hivyo hunywa kwenye betri moja, ile ile inayotegemewa kuwasha mashine alfajiri.

Mwenye boti akichoshwa na mashine kugoma, hununua betri ya pili. Fundi huiunga na ya kwanza, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na kazi ikahesabika imekwisha. Haijakwisha. Alichopata ni betri moja iliyo kubwa zaidi, na itaisha yote kwa pamoja, saa chache tu baadaye kuliko zamani. Faida ya betri mbili imo katika kuzitenga: moja ni ya staata peke yake, nyingine ni ya taa na vyombo, na ya pili ikiisha kabisa, ya kwanza isijue.

Hata kwa maumbile betri hizi hazifanani. Ya kuwashia ina sahani nyingi nyembamba, iweze kutoa zaidi ya ampea 100 kwa sekunde mbili tatu na kupumzika. Ukiitumia kuendesha taa usiku kucha, ukaimaliza na kuichaji tena na tena, sahani hizo huchakaa upesi. N70 tuliyoizoea madukani ni ya aina hii. Ya taa inatakiwa iwe ya sahani nene, iliyotengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu, ile ambayo wauzaji wa sola huiita betri ya sola.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Taa mbili za wati 20 kila moja, kwa volti 12, hula ampea 3.3. Kitafuta samaki kiwekee ampea 1, redio inayosikiliza tu nusu ampea. Jumla karibu ampea 5. Kwa saa 10 za usiku ni ampea-saa 50. Betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu ukitaka ikae, kwa hiyo unahitaji ya ampea-saa 100. Linganisha na staata: ampea 120 kwa sekunde 3 ni sehemu moja tu ya kumi ya ampea-saa! Mashine ikishawaka, dakika chache za safari zinarudisha deni hilo. Betri ya kuwashia, ikiachwa na kazi yake, karibu muda wote imejaa.

Ya taa ndiyo yenye njaa. Mashine nyingi ndogo za boti huchaji ampea 6 hadi 15 tu, na hiyo ni zikiwa kwenye mwendo, si zikinguruma polepole. Nusu saa ya kurudi pwani kwa ampea 10 ni ampea-saa 5, wakati usiku umekula 50. Hakuna swichi itakayotibu pengo hilo. Ama uipeleke betri kwenye chaja ya umeme nchi kavu, ama uweke paneli. Paneli ya wati 100 yenye kidhibiti chake, kwa jua letu, inaweza kurudisha ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku njema. Kwa hesabu ya taa zetu zile, basi, ni paneli mbili.

Kuhusu kuzitenga, kuna njia mbili zinazotumika sana. Ya zamani ni swichi kubwa ya mzunguko yenye nafasi nne: 1, 2, zote mbili, na kuzima. Ni imara, lakini inategemea kumbukumbu ya mtu aliyekesha. Akiisahau kwenye "zote mbili", amerudi kwenye betri moja kubwa. Akiizungusha mashine ikiwaka na kupita kwenye "zima", anaweza kuunguza daiodi za mfumo wa kuchaji. Njia ya pili ni relei inayopima volti. Mashine ikichaji na betri ya kuwashia ikifika karibu volti 13.3, relei huziunganisha betri mbili zichajiwe pamoja. Volti zikishuka hadi 12.8 hivi, huzitenga yenyewe. Kwa boti ndogo mimi huchagua relei, pamoja na swichi ya kawaida ya kuzimia kila upande. Hasi za betri zote mbili huungwa pamoja. Kinachotengwa ni chanya.

Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, kwani shaba tupu baharini hugeuka kijani ndani ya mpira bila wewe kuona. Kila waya wa chanya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye vyombo uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, sentimita 18 au pungufu. Fyuzi iliyo mbali huacha waya wote wa nyuma yake bila ulinzi. Pampu ya ngama yenye swichi ya boya iungwe moja kwa moja na betri ya taa, kwa fyuzi yake, ifanye kazi hata boti ikiwa imetia nanga na kila swichi imezimwa. Betri zenyewe zifungwe zisicheze, mahali penye hewa, kwa sababu zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na tangi la petroli mara nyingi liko hapo hapo tezi.

Ukishawishiwa kununua betri ya lithiamu kwa ajili ya taa, usiiunge na ya risasi kwa relei hii. Lithiamu iliyojaa hutulia kwenye volti 13.3 hivi, na relei inaweza kukataa kuachia. Hapo inahitajika chaja ya betri kwa betri.

Fundi akimaliza, usimlipe kabla ya jaribio hili: mashine ikiwa imezimwa, washa taa zote usiku mzima boti ikiwa bandarini, asubuhi pima betri ya kuwashia. Ikisoma chini ya volti 12.5, kuna waya umeungwa mahali pasipo pake.