Jeraha la ubongo lisipuuzwe mahakamani

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hiyo ina ukweli mwingi, lakini ipo adhabu moja ambayo hata mwenye kuipata hawezi kuisimulia, kwa sababu kiungo cha kusimulia ndicho kilichojeruhiwa. Nakusudia jeraha la ubongo, hasa lile linalotokana na ajali za barabarani, pamoja na safari ndefu ya kulidai fidia katika mahakama zetu.

Safari hiyo sikuijua kwa kusoma vitabu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi nimeishi katika mtaa wa Woodley, hapa Nairobi, jirani na soko la Toi. Msomaji anayepita Barabara ya Ngong bila shaka anawafahamu maseremala wanaopanga vitanda, makabati na viti vyao kando ya barabara. Mmoja wao ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe katika shule ya msingi. Hakuwa hodari wa insha, lakini hesabu za vipimo zilimkaa kichwani kama wimbo.

Jioni moja, yapata miaka sita iliyopita, alikuwa akivuka barabara kurudi nyumbani. Matatu iliyokuwa ikikwepa msongamano ilipanda kando ya njia, ikamgonga na kumtupa chini. Alipotoka hospitalini baada ya majuma matatu, mfupa wa bega ulikuwa umeanza kuunga, na kovu la kipajini lilikuwa dogo kuliko kidole. Majirani walikuja kutupa pole, wakatuambia tumshukuru Mungu kwa kuwa kijana amepona. Nasi tulishukuru.

Haukupita muda mrefu kabla ya mambo kuanza kujitokeza. Mtu ambaye zamani alikumbuka vipimo vya kabati la milango minne bila kuandika chochote, sasa alipima ubao mara tatu na bado akaukata mfupi. Alianza meza akaiacha, akaanza stuli akaiacha. Mlio wa mashine ya randa, aliouzoea tangu ujana wake, ulimpasua kichwa. Mpole akawa mtu wa kufoka. Usiku mmoja mkewe alinijia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, mume niliyerudishiwa kutoka hospitalini siye niliyempeleka."

Maneno hayo yalinikaa moyoni, na baadaye nilitambua kwamba ndiyo yaliyokuwa msingi wa kesi yetu yote.

Tangu mwaka wa 1974, madaktari ulimwenguni hukadiria fahamu za mgonjwa kwa kipimo kilichobuniwa mjini Glasgow na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Hutazama jinsi mgonjwa anavyofumbua macho, anavyosema na anavyosogeza viungo, kisha wakampa alama kati ya 3 na 15. Kipimo hicho kina manufaa makubwa, lakini hupima fahamu tu. Mtu anaweza kupata alama zote 15, akajua jina lake na siku ya juma, na bado asiweze kupanga kazi ya asubuhi moja. Picha za skani nazo huonyesha damu iliyovuja na fuvu lililovunjika. Nyuzi nyembamba za ubongo zilizokatika huenda zisionekane kabisa.

Walimu wa sayansi wanamfahamu Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli huko Vermont, Marekani. Mnamo Septemba 1848 baruti ililipuka, na fimbo ya chuma ikapenya fuvu lake. Alipona, akatembea, akazungumza, na akaishi kwa zaidi ya miaka 11. Hata hivyo, daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba marafiki waliomjua kabla ya ajali walisema huyu hakuwa Gage tena. Ushahidi wa jeraha lile haukutoka kwenye kovu. Ulitoka vinywani mwa watu waliomjua kabla.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Sheria yetu ya fidia huzungumza kwa urahisi juu ya mguu uliokatwa, kwa sababu hakimu anauona. Ubongo ulioharibika huhitaji mashahidi wa namna nyingine, na mashahidi hao ni sisi: wake, waume, majirani, wateja na walimu. Tusipojiandaa mapema, haki hupotea.

Mwezi wa nne baada ya ajali, mtu nadhifu mwenye mkoba alifika kwenye kibanda cha mpwa wangu. Alileta hati ya kurasa mbili. Mpwa wangu angelipwa kiasi kidogo cha pesa, naye angewaondolea mwenye matatu na kampuni yake ya bima madai yote, ya wakati ule na ya baadaye. Wakati huo mpwa wangu hakuweza kusoma ukurasa mmoja hadi mwisho bila kusahau mwanzo wake, lakini kalamu ilikuwa tayari mkononi. Mkewe aliomba apewe nafasi ya kumpigia simu mjomba. Nilifika nikiwa na kandambili miguuni, nikaomba tuachiwe hati ile tuisome. Yule bwana alikataa, akaondoka nayo, na hatukumwona tena.

Siku chache baadaye alikuja mwingine, dalali wa mawakili, akituahidi kwamba hatungetoa hata senti moja mpaka kesi ishinde. Nilikuja kufahamu kwamba Sheria ya Mawakili ya Kenya haiutambui mkataba ambao wakili hulipwa endapo tu atashinda. Mtu anayekuja kwako na ahadi ya namna hiyo ameanza kazi yako kwa kuivunja sheria. Tulitafuta wakili wetu wenyewe, tukaenda afisini kwake kwa miguu yetu.

Wakili huyo alituuliza kwanza tarehe ya ajali. Nchini Kenya, kesi ya madhara yanayotokana na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Ikiwa mshtakiwa ni serikali, muda huo ni miezi 12 tu. Sheria huwahurumia watoto na watu waliopotewa na akili, kwa maana muda hauanzi kuhesabiwa dhidi yao mpaka mtoto afikie utu uzima au mgonjwa apate nafuu. Lakini aliyejeruhiwa ubongo aghalabu huwa katikati: si mwendawazimu wa kutambuliwa na kila mtu, wala si mzima wa kujisimamia. Huyo ndiye ambaye miaka mitatu humpita akiwa bado anatafuta neno la kuelezea maumivu yake.

Kisha alitaka karatasi. Nambari ya tukio katika kitabu cha polisi, hati ya polisi inayothibitisha ajali, fomu ya P3, ripoti ya hospitali, picha za skani, rekodi ya NTSA inayoonyesha mwenye gari, na risiti zote, hata ya dawa ya shilingi hamsini. Gharama zilizokwisha kutumika hulipwa tu zikitajwa kwenye madai na kuthibitishwa kikamilifu. Aidha, kampuni ya bima ni lazima ipewe taarifa ya kesi mapema, la sivyo inaweza kukwepa kulipa hukumu.

Alitueleza pia kwamba mtu asiyeweza kusimamia kesi yake kwa sababu ya akili iliyodhurika anaweza kuwakilishwa mahakamani na mtu wa karibu. Agizo la 32 la Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka wa 2010 limeweka utaratibu huo. Hata mwakilishi huyo haruhusiwi kufanya mapatano bila idhini ya mahakama. Nilipolisikia jambo hilo nilimkumbuka yule bwana wa mkoba, nikatetemeka.

Siku ya ushahidi ilifika, katika mahakama za Milimani. Wakili wa upande wa pili alimwuliza mpwa wangu jina lake, mtaa wake na mahali alipozaliwa. Alijibu yote sawasawa, na wakili akageuka kama mtu aliyekwisha kushinda. Ndipo wakili wetu aliposimama na kumwomba aieleze mahakama jinsi ya kutengeneza stuli, tangu ubao mpaka msasa. Alianza na miguu, akarudi kwenye mbao, akataja gundi, akarudi tena kwenye miguu, kisha akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu. Hakimu aliandika kwa muda bila kuinua kichwa.

Likabaki suala la mapato. Seremala wa kando ya barabara hana hati ya mshahara, na upande wa pili ulidai kwamba kwa sababu hiyo hakuwa na mapato ya kupotea. Hapa ilitufaa hukumu ambayo ningependa kila mwanafunzi aijue. Mwaka wa 2005, katika kesi ya Jacob Ayiga Maruja dhidi ya Simeon Obayo, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikataa wazo kwamba kazi na mapato ya mtu huthibitishwa kwa vyeti na hati peke yake. Majaji walisema kwamba msimamo kama huo ungewadhulumu Wakenya wengi wasiojua kusoma, wasioweka kumbukumbu, na ambao hata hivyo wanajipatia riziki kwa njia mbalimbali. Aliyezungumziwa katika kesi hiyo alikuwa marehemu, na alikuwa seremala.

Hivyo basi tuliwaita watu. Mwalimu mkuu wa shule moja alileta daftari la shule lililoonyesha madawati aliyoyanunua kwa mpwa wangu kabla ya ajali. Mkewe alileta daftari la kurasa 96 ambamo, kwa ushauri wangu, aliandika kila siku: leo ameacha jiko likiwaka, leo amesahau jina la mtoto, leo amelia. Nami nilisimama nikaeleza nilivyomfahamu tangu darasa la nne. Kwa ushahidi huo, hakimu aliona lile ambalo skani haikuonyesha.

Tulishinda, lakini si kwa ukamilifu. Fidia ilipunguzwa kwa sehemu ya tano kwa sababu mpwa wangu hakutumia kivuko. Sheria inaruhusu lawama kugawanywa, na abiria wa bodaboda asiyevaa helmeti na akumbuke hilo. Kisha kuna kikomo: katika Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, kampuni ya bima hailazimiki kumlipa mdai mmoja zaidi ya shilingi milioni tatu. Kinachozidi hudaiwa kwa mwenye gari, ambaye huenda mali yake yote ni lile gari bovu. Na kampuni yenyewe ikianguka? United Insurance ilianguka mwaka wa 2005 na Blue Shield mwaka wa 2011, na wenye hukumu mikononi walibaki wakizitazama.

Yuko atakayeuliza pesa hizo ni za nini iwapo haziwezi kurudisha akili. Swali hilo liliulizwa mbele ya majaji wa juu kabisa wa Uingereza mwaka wa 1963, katika kesi ya West dhidi ya Shephard, ambayo mahakama zetu huitaja mpaka leo. Mwanamke wa miaka 41 aliyegongwa na lori aliumia ubongo kiasi kwamba hakuelewa sawasawa alichopoteza. Majaji waliotamka uamuzi, kwa wingi wao, walikubali kwamba pesa haziwezi kuuunda upya mwili uliovunjika, lakini wakashikilia kwamba kupotewa na maisha ya kawaida ni hasara ya kweli, hata kama aliyepotewa hajui kiasi chake. Nakubaliana nao. Fidia si bei ya ubongo. Ni chakula cha watoto, ni nauli ya kliniki, na ni tamko la jamii kwamba huyu mtu alidhulumiwa.

Maoni yangu ni kwamba hospitali zimwite tena kila aliyegongwa kichwani ili kumbukumbu na tabia yake ipimwe baada ya miezi michache. Hati ya kuachilia madai isitiwe sahihi na majeruhi wa kichwa asipokuwapo jamaa au wakili. Na kikomo cha milioni tatu kitazamwe upya, kwani kumtunza mtu kwa miaka arobaini si sawa na kutibu mkono.

Na kwenu, walimu wenzangu, nina neno la mwisho. Mtoto anayegongwa na bodaboda hurudi darasani akiwa na kovu dogo. Muhula unaofuata anasinzia, anasahau, anapigana, nasi tunaandika kwenye ripoti kwamba amekuwa mvivu. Kabla ya kuliandika neno hilo, chukueni daftari lake la mwaka uliopita mlilinganishe na la mwaka huu. Yaliyomo humo yanaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee ambao mtoto huyo atakuwa nao. Yahifadhini, muwaite wazazi, na mkiitwa mahakamani, nendeni.

Mpwa wangu bado yuko kando ya Barabara ya Ngong. Hapimi wala hakati tena; mwanawe ndiye anayepima na kukata, na yeye hupiga msasa. Pesa za fidia zilinunua mashine, na zinalipa karo. Jana nilipopita alikuwa akiulainisha mguu wa kiti, taratibu, bila kuinua macho. Alinisalimu, "Shikamoo, Mjomba." Baada ya dakika tano akanisalimu tena.