Bei za Bidhaa na Amri ya Saba: Je, Wauzaji Wanatudhulumu?

Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika katika sehemu nyingi za Tanzania. Mvua za El Niño zilikuwa zimejaza maji mashamba ya miwa, uzalishaji wa viwanda ukapungua, na bei ya kilo moja ikapita shilingi 4,000 mahali pengi. Serikali ilitangaza bei elekezi ya rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kadiri ya kanda. Lakini kuipata sukari kwa bei hiyo ilikuwa shida. Nyakati kama hizo mchungaji huulizwa na washarika wake kama wenye maduka si wezi. Jibu la haraka lina hatari pande zote mbili. Akinyamaza, huenda anaipita Amri ya Saba. Akiwashutumu pasipo kujua, ameivunja ya Nane, tena mimbarini.

Basi hatuna budi kutazama kwanza jinsi bei inavyojengeka. Tuseme mwenye duka amenunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 140,000, naye akauza kilo kwa 3,000. Anapata 150,000. Katika zile 10,000 zinazobaki atatoa nauli ya mzigo, kodi ya pango, leseni, sukari iliyomwagika, na deni la jirani ambalo halitalipwa kamwe. Sasa bei ya jumla ikipanda hadi 190,000, naye akauza kilo kwa 4,000, bado zinabaki zile zile 10,000. Mnunuzi ameongeza shilingi 1,000 kwa kila kilo, na mwenye duka hakupata hata senti ya ziada. Lawama inamwangukia yeye kwa sababu ndiye anayeonekana.

Neno gumu zaidi ni lile la mzigo wa zamani. Mfuko ulionunuliwa kwa 140,000 ukiuzwa kwa bei mpya unaleta 60,000. Je, huu ni wizi? Mwenye duka atajibu kwamba kesho atanunua mfuko mwingine kwa 190,000, na kwamba akiuza kwa bei ya jana hataweza kulijaza duka tena. Hoja hii ni ya kweli, nasi hatuwezi kuidharau. Lakini yeye anayeharakisha kupandisha bei kwa ajili ya mzigo wa kesho, imempasa kuharakisha vivyo hivyo kuishusha, mzigo wa kesho unapokuwa nafuu. Hapo ndipo tunapowaona wengi wakikumbuka ghafula kwamba mzigo wao ni wa zamani.

Aidha bei kubwa peke yake si dhuluma. Wote tunaujua mnada wa baada ya ibada, ambapo kuku mmoja hununuliwa kwa bei ya watatu, na hakuna aliyeonewa. Mnunuzi alikuwa na hiari kamili. Dhuluma huingia pale hiari inapokwisha: kitu ni cha lazima, muuzaji ni mmoja, na mwenye njaa hana pa kwenda.

Martin Luther aliliona jambo hili wazi katika maandishi yake ya mwaka 1524 kuhusu biashara na riba. Aliikataa kanuni ya wafanyabiashara wa wakati wake, kwamba mtu ana haki ya kuuza mali yake ghali kadiri awezavyo. Kwake yeye biashara ni tendo linalomhusu jirani, kwa hiyo kipimo chake ni haki. Wala hakumnyima mwuzaji faida. Alikubali kwamba gharama, taabu, kazi na hatari alizozipata zihesabiwe, na kwa kukadiria taabu hiyo alishauri kutazama ujira wa kibarua wa kutwa. Alipenda serikali iweke watu wenye hekima wa kupanga bei, ingawa hakutumaini sana kwamba itafanyika. Pasipo hilo, bei ya kawaida ya soko la mahali ifuatwe. Ukali wake aliuweka kwa wale wanaonunua bidhaa yote ya aina moja ili wawe wauzaji pekee, na kwa wale wanaopandisha bei kwa sababu tu wameiona shida ya mwenzao.

Kupanga bei kwa amri tumekujaribu sisi wenyewe. Tanzania ilikuwa na Tume ya Bei kwa sheria ya mwaka 1973, na mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Walanguzi wa kweli walikuwapo. Lakini bidhaa zenyewe zilikuwa chache, na msako haukuzizidisha. Wengine walizificha zaidi, wengine wakazitupa kwa hofu. Wazee wanaokumbuka foleni za sukari hawahitaji maelezo yetu. Siku hizi mafuta ya magari ndiyo yanayotangaziwa bei kikomo kila mwezi na EWURA, na sehemu kubwa ya bidhaa nyingine zimeachiwa soko, huku Tume ya Ushindani ikiwa na kazi ya kuzuia wauzaji wasipatane kwa siri juu ya bei.

Swali hili si la kwetu tu. Mwaka 2023 wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa walionyesha kwamba faida za makampuni zilichangia karibu nusu ya kupanda kwa bei katika nchi zinazotumia yuro kwa miaka miwili iliyotangulia. Hata hivyo hesabu hiyo haikuthibitisha kwamba kila kampuni ilizidisha kiwango chake cha faida juu ya gharama. Mara nyingi gharama ilipitishwa kwa mnunuzi, na mishahara ikachelewa kufuata.

Kwetu dhuluma mara nyingi haimo katika bei bali katika kipimo. Nabii Amosi (8:4–6) aliwashutumu waliopunguza efa na kudanganya kwa mizani. Lumbesa ni ndugu yake: gunia linashonewa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja, na ziada ni ya mnunuzi. Sheria inakataza, nalo bado laonekana barabarani. Naye maskini wa mjini, anayenunua robo kilo kwa 800 wakati kilo ni 3,000, hulipa 3,200 kwa kilo ile ile, kwa sababu hajawahi kushika 3,000 kwa pamoja.

Mwaka 1540 Luther aliwaandikia wachungaji wahubiri dhidi ya riba. Anayetaka kufanya hivyo leo atofautishe watu wawili ambao kwa mbali wanafanana. Mkulima anayeweka mahindi yake ghalani mpaka Februari anatafuta bei, na kwa kuweka kwake kijiji kinakuta chakula mwezi wa njaa. Mwingine huja mahindi yangali machanga shambani, akayanunua kwa robo ya thamani kwa mama mwenye mtoto mgonjwa, na mwezi huo huo wa Februari akamwuzia mama yule yule kwa debe.