Msimu ambao Musoma ilibisha hodi Afrika

Katika nyumba nyingi za Guta, kama ilivyo kwingineko nchini, mapenzi ya mpira hugawanyika mapande mawili: baba Simba, mtoto Yanga, na mama huwasuluhisha. Lakini msimu wa 2020/21 ulizuka upenzi wa tatu, nao haukuwa na ugomvi ndani yake. Wavuvi waliorudi kutoka Ghuba ya Speke na wachuuzi wa dagaa waliokwenda Bunda waliulizana habari za Biashara United, timu ya Musoma, timu ya mkoa wao wenyewe.

Timu hiyo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Haikuwa na fedha za kushindana na vigogo wa Dar es Salaam, na katikati ya msimu huo ilimpoteza hata mwalimu wake, Francis Baraza wa Kenya, aliyehamia Kagera Sugar. Mkenya mwenzake, Patrick Odhiambo, akashika usukani. Uwanja wa Karume, pale Musoma, si mahali pa anasa, wala mgeni hakupata pointi pale kwa urahisi. Ligi ilipomalizika, Biashara ilikuwa ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam.

Nafasi ya nne kwa kawaida huishia kwenye pongezi. Mara hii iligeuka tiketi, kwa kuwa mafanikio ya Simba katika Afrika yaliiongezea Tanzania nafasi, ikapata timu nne badala ya mbili. Simba na Yanga zikaenda Ligi ya Mabingwa. Azam na Biashara zikaenda Kombe la Shirikisho.

Septemba 2021 Biashara ilikwenda Djibouti ikaifunga Dikhil bao 1-0, kisha ikaifunga 2-0 katika marudiano. Mechi za nyumbani zilichezwa Dar es Salaam, si Karume. Ndugu msomaji, hapo ndipo palipouma kidogo: mpenzi wa Guta aliyeitaka timu yake kwa macho alitakiwa kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja. Wengi walibaki na redio, au walijibana mbele ya televisheni ya jirani.

Katikati ya Oktoba ikaja Al Ahli Tripoli ya Libya, timu yenye jina na fedha. Biashara ikaifunga 2-0. Hata kufungwa bao moja kule ugenini kungeivusha timu ya Musoma, na mbele yake ingebaki hatua moja tu kabla ya makundi.

Mechi ya pili haikuchezwa. Safari ya Libya ilikwama. Yakatajwa mambo ya fedha na vibali vya ndege, siku zikapita, na timu ikaondolewa mashindanoni bila kugusa mpira. Kufungwa huelezeka kwa mtoto wa miaka minane. Lakini utamwambiaje kwamba timu iliyoshinda mechi zake zote tatu imetolewa kwa sababu haikufika uwanjani?

Msimu uliofuata ulikuwa mzito. Juni 2022 Biashara ilishuka daraja pamoja na Mbeya Kwanza, mwaka mmoja tu baada ya kuwa ya nne. Kule Guta baba akarudi Simba na mtoto Yanga, ingawa ukilitaja jina la Al Ahli Tripoli mbele yao, wote wawili watakujibu kwa pamoja: mbili bila.