KIBALI NA TAARIFA: MSAMIATI WA HAKI YA KUKUSANYIKA KATIKA UKANDA WA DHAHABU WA SHINYANGA NA GEITA

1.0 Utangulizi

Maneno ya sheria hayaishi mahakamani tu. Hutoka humo yakaingia sokoni, machimboni na katika ofisi za vijiji, na huko ndiko yanakopata maana inayomwongoza mwananchi. Makala haya yanachunguza maneno mawili, kibali na taarifa, kuhusiana na haki ya kukutana na kuandamana nchini Tanzania. Mifano imechukuliwa katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama, mkoani Shinyanga, hadi Geita, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza kabla ya kuwa mkoa mwaka 2012. Katika ukanda huu mizozo ya ardhi na madini imewapa watu wengi sababu ya kutaka kusema hadharani kwa pamoja.

2.0 Mabadiliko ya sheria

Sheria ya Polisi, Sura ya 322, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ilimtaka mwitishaji wa mkutano au maandamano aombe kibali kwanza. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga katika Mahakama Kuu, Dodoma. Katika hukumu yake ya mwaka 1994, Jaji Kahwa Lugakingira alitamka kuwa sharti hilo lilikiuka Katiba, kwa kuwa liliifanya haki ya raia itegemee hiari ya ofisa.

Baadaye sheria ilirekebishwa. Kifungu cha 43 sasa kinamtaka mwitishaji apeleke taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi wa eneo lake, saa zisizopungua 48 kabla ya mkusanyiko, akitaja mahali, wakati na madhumuni. Akishaipeleka anaweza kuendelea, isipokuwa apate amri ya kumzuia. Na amri hiyo sharti iwe na msingi, kama vile hatari ya kuvunjika kwa amani.

3.0 Uchambuzi wa maana

Neno kibali lina asili moja na kitenzi kubali. Dhana yake inahitaji pande mbili zisizo sawa: aombaye na akubaliye. Taarifa ina asili moja na arifu na maarifa. Kiini chake ni kujulisha. Maneno yote mawili huandamana na kitenzi toa, lakini mtendaji hubadilika. Atoaye kibali ni polisi. Atoaye taarifa ni mwananchi.

Tofauti hii huonekana zaidi pale ofisa anapokaa kimya. Katika utaratibu wa kibali, kimya maana yake ni hapana. Katika utaratibu wa taarifa, kimya maana yake ni endelea. Hata hivyo, katika mazungumzo na katika magazeti, usemi "maandamano bila kibali" umedumu. Asemaye hivyo, awe raia au ofisa, huirudisha kwa ulimi sheria iliyokwisha kubatilishwa.

4.0 Maneno na matukio

Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, ili kuipisha kampuni ya uchimbaji. Yalitokea madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni, madai yaliyokanushwa na serikali na kampuni. Mawakili Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, pamoja na mwanasiasa Augustine Mrema, waliolisemea suala hilo hadharani, baadaye walishtakiwa kwa uchochezi. Neno hili nalo linastahili kuangaliwa. Kuchochea ni kusogeza kuni ili moto uwake zaidi. Achocheaye huukuta moto upo tayari. Lakini katika matumizi ya kisheria jicho humwelekea achocheaye, na swali la nani aliyeuwasha hubaki nyuma.

Mfano wa pili ni katazo la mikutano ya hadhara ya kisiasa, lililotangazwa mwaka 2016 na kuondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Januari 2023. Katika kipindi hicho chote kifungu cha 43 hakikufutwa. Kifungu hicho kinazungumzia amri inayojibu taarifa ya mkusanyiko fulani. Katazo lilijibu kabla ya kuarifiwa. Umma uliozoea kufikiri kwa neno kibali huliona katazo la namna hiyo kuwa ni ruhusa iliyocheleweshwa tu, wala hauoni kwamba utaratibu wenyewe umegeuzwa.

5.0 Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba neno peke yake hulinda haki. Polisi wana wajibu wa kulinda usalama, nayo taarifa huwapa nafasi ya kujiandaa. Linalodaiwa ni kwamba mchimbaji wa Kahama au Geita anayeamini kuwa anahitaji kibali atanyamaza pale ambapo sheria inamtaka aarifu tu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hivyo wafasiri, walimu na waandishi wa habari wana kazi mahususi: kuliita kila jambo kwa jina lake, ili kilichofutwa katika kitabu cha sheria kisiendelee kutawala katika msamiati.