Kiungo Mchezeshaji (2): Jicho Linalotangulia Mpira

Juma lililopita tulimwacha kiungo katikati ya uwanja, kalipa mgongo lango la wapinzani. Mpira unamjia na mkabaji anamjia. Leo tutazame kinachopita kichwani mwake.

Hapa Buger, Karatu, vijana wakitoka kibanda umiza jibu wanalo tayari: Clatous Chama, kiungo aliyetamba na Simba, ana utulivu. Sina ugomvi na neno hilo, ila halielezi kitu. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alitumia picha za kamera kuhesabu ni mara ngapi viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza hugeuza kichwa kabla ya kupokea mpira. Waliotazama mara nyingi ndio waliofikisha pasi zaidi, na Frank Lampard alikuwa miongoni mwa vinara. Mtoto anayechunga pembezoni mwa msitu wa Marang hahitaji utafiti huo. Jicho lake huwa msituni kabla ng'ombe hajainua mguu. Akisubiri ng'ombe aondoke, kazi yake ya jioni ni kutafuta.

Wamarekani, katika mpira wao wa kushika kwa mikono, wana mchezaji aitwaye kwotabeki. Tangu apokee mpira mpaka aurushe huwa na kama sekunde 3 hivi, huku majitu yanamkimbilia kumwangusha. Yeye walau huanza na mpango uliopangwa na kocha, anajua mwenzake yupi atakimbilia wapi. Chama hana anasa hiyo, kwa kuwa katika soka wenzake huhama kila anapopepesa jicho.

Kumbukeni Desemba 23, 2018. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba walikuwa wamefungwa 2-1 na Nkana ya Zambia kule Kitwe, na marudiano Dar es Salaam yalikuwa yamefika 2-1. Jumla 3-3. Dakika za mwisho kabisa Chama akaupiga mpira kwa kisigino, ukaingia. Watu waliita ufundi, na ni ufundi kweli, lakini mtu hapigi kisigino kuelekea goli ambalo hajui liko wapi. Alikuwa ameshalitazama. Machi 16, 2019, dhidi ya AS Vita, akafunga tena dakika ya 90, na Simba wakaingia robo fainali.

Mzee mmoja wa huku aliwahi kunikatiza nikieleza haya: mbona mkimbiaji Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, hakusubiri dakika ya 90? Kweli. Christchurch mwaka 1974 Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Uamuzi mkubwa aliufanya mapema, kazi iliyobaki ikawa ya mapafu. Kiungo huamua upya kila mpira unapomfikia.

Na jicho peke yake halifungi magoli. Katika makundi ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2018/19, Simba walifunga magoli 6, yote nyumbani, wakafungwa 13. Ugenini hawakupata hata moja. Vita na Al Ahly kila mmoja aliwachapa 5-0. Msimu wa 2020/21 wakaongoza kundi kwa pointi 13, wakifunga 9 na kufungwa 2. Vita walilala 1-0 kwao Kinshasa, kisha 4-1 Dar es Salaam, Chama akipachika mawili. Sidhani Chama, Mwamba wa Lusaka, alikuwa ameota macho mapya. Luis Miquissone alikuwa pembeni akikimbilia nafasi, na Rally Bwalya, kiungo mwingine mwenye mguu wa pasi, alimpunguzia walinzi. Anayeinua kichwa akaona njia tatu huamua vizuri kuliko anayeona moja, hata kama wa pili ana kipaji zaidi. Nyuma nako kulikuwa kumezibwa, jambo ambalo mashabiki wa washambuliaji hulisahau upesi.

Hata hivyo Kaizer Chiefs waliwafunga 4-0 Johannesburg katika robo fainali. Marudiano Simba wakashinda 3-0, Chama akiwa na goli lake, wakabaki pungufu ya goli moja.

Juma lijalo: yule anayetumwa kumzima kiungo wa namna hii, na jinsi anavyomnyima nafasi ya kugeuza shingo.