Sufi si sufu: Kibaha na Kisarawe zichukue karatasi, ziache feliti

Irabu moja tu inatenganisha sufu na sufi, lakini ndani ya maji hazifanani hata kidogo. Unywele wa kondoo una magamba madogo mno. Ukilowa maji moto yenye sabuni na kusuguliwa, magamba hung'ang'aniana hadi sufu iliyolegea inakuwa kitambaa kizito kiitwacho feliti. Ndiyo maana mafundi wa nchi za baridi huweza kushikiza mistari ya sufu kwa uzi juu ya karatasi inayoyeyuka, wakaacha nafasi wazi, kisha karatasi ikaenda na maji, ikabaki feliti yenye matundu kama lesi. Sufi ya msufi, mti wa pwani hii unaotujazia mito na magodoro, haina magamba. Unyuzi wake ni mrija wenye hewa na nta inayofukuza maji, na kwa sababu hiyo ulijazwa kwenye makoti ya kuokolea watu baharini. Ukiusugua kutwa kwa sabuni utapata povu tu.

Je, ufundi huu basi hauwahusu washonaji wa Kibaha na Kisarawe? Unawahusu sana, kwa kuwa siri yake haimo katika sufu bali katika karatasi: sakafu ya muda inayobeba kazi mpaka kazi ijibebe yenyewe. Viwanda vya lesi vya Ulaya vililitambua hilo miaka ya 1880, vikitarizi pamba juu ya kitambaa cha hariri na kuiyeyusha hariri kwa kemikali. Mwenye cherehani leo anaweza kubana sufi kidogo kati ya karatasi mbili na kupitisha mishono ya pamba huku na huku. Sharti ni moja, tena halina msamaha: kila mshono ukutane na mwingine. Ulioishia hewani utafumuka sakafu ikiondoka. Msusi wa ukili haelezwi hili mara mbili.

Watakaopinga watasema karatasi hiyo inaagizwa nje na bei yake inakula faida. Ni kweli, na ndiyo hoja nzito kuliko zote. Lakini gharama hupimwa kwa eneo la kazi, na mapambo ya pembe za mto hayahitaji shuka nzima. Kuleta sufu pamoja na karatasi kungeongeza mzigo huo. Wapo pia watakaosema tutumie utando wa kanji ya muhogo badala ya karatasi. Wazo zuri, ila utando wa wanga ukikauka sana hupasuka chini ya sindano, kwa hiyo unahitaji kujaribiwa kabla ya kuahidiwa kwa mteja. Sufi nayo hupeperuka na kushika moto upesi: fundi afunike pua, na kazi isiwekwe jirani na jiko. Jaribio la kwanza ni kipande cha upana wa kiganja, mishono ikipishana kila nusu sentimita, kisuuzwe mpaka utelezi wa karatasi uishe vidoleni, kianikwe kivulini, kivutwe pande zote nne.