Kisahihisha Tahajia na Mofolojia ya Kitenzi cha Kiswahili

Mwalimu wa Elburgon, mji wa mbao ulio ukingoni mwa msitu wa Mau, anapopiga chapa kumbukumbu za mkutano kwa kompyuta, huenda neno sanifu kama "niliwaandikia" likapigiwa mstari mwekundu. Kosa si lake. Chanzo ni cha kisarufi, na kwa hiyo kinawahusu wanaisimu.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, ina kiendelezi cha tahajia ya Kiswahili. Kiini chake ni majalada mawili: orodha ya maneno na kanuni za uambishaji. Kanuni hizo husomwa na Hunspell, chombo alichokiunda László Németh kwa ajili ya Kihungari, lugha ambayo viambishi vyake vingi hufuata mzizi. Kwa kawaida Hunspell huvua viambishi tamati mara mbili, lakini kiambishi awali mara moja tu.

Kitenzi cha Kiswahili, kinyume chake, hurundika viambishi mwanzoni. Katika "niliwaandikia", ni-, -li- na -wa- hutangulia mzizi. Mtunzaji wa kiendelezi hulazimika kuviunga vyote vihesabiwe kiambishi kimoja. Viambishi sita vya nafsi pamoja na vinne vya wakati na hali (-li-, -na-, -ta-, -me-) huzaa miungano 24; vikiongezwa vitano vya mtendwa (-ni-, -ku-, -m-, -tu-, -wa-), hupatikana mingine 120, ingawa michache haitumiki. Hapo ngeli, ukanushi na urejeshi havijaguswa.

Muungano mmoja ukisahauliwa, kila kitenzi kinachouhitaji huhesabiwa kosa, na mwandishi huanza kuishuku lugha yake mwenyewe. Leseni huria humruhusu yeyote kuyarekebisha majalada hayo, lakini ruhusa si utunzaji. Anayejitolea peke yake huchoka. Idara ya lugha hupokezana kazi. Semina ya mofolojia katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, jirani na Elburgon, ingeweza kuzipima kanuni hizo kila mwaka. Kiswahili kikikosa watunzaji, Kiogiek cha msitu huo wa Mau, ambacho wasemaji wake wengi wamehamia lugha za majirani, kitampata nani?